Ngiri, Kupe na Mganga Nyani

Zamani, kabla waganga hawajavaa viatu, Kupe alijishikiza nyuma ya sikio la Ngiri, akanenepa kama punje ya kunde. Siku hiyo Ngiri alikuwa aende kuposa, akaona haya kufika ukweni na mgeni sikioni. Akamwendea Nyani, mganga mwenye maneno mengi.

“Karibu, Bwana Nguruwe!”

“Ngiri,” alisahihisha mgonjwa.

“Kupe huchomwa kwa kaa la moto, Bwana Ngiri. Mimi hujitibu hivyo kila mwaka.”

Nyani akageuka kuchukua kaa. Ngiri akayaona matako yake: mekundu, hayana hata unyoya mmoja. Akatimua mbio, mkia juu, hadi kwa Kinyonga, aliyechekwa na wote kwa mwendo wake.

Kinyonga akambana Kupe kwa vidole vyake vilivyo kama koleo, karibu kabisa na ngozi, akamvuta taratibu bila kumzungusha.

“Upesi, babu!”

“Nikifanya upesi, mjukuu wangu, kichwa chake utakwenda nacho ukweni.”

Kupe akatoka mzimamzima, akitukana. Kinyonga akaliosha sikio kwa sabuni.

Ngiri akaposa, akakubaliwa. Nyani bado ni mganga, ila siku hizi hupokea wagonjwa akiwa ameketi.