Kompyuta ya Shule Imekataa Tena

Safari ya nne, Ruphin alibeba shati jipya ndani ya mfuko wa plastiki. Njia ya Kasongo hadi Kabambare haina huruma na nguo, na mara tatu alikuwa amefika mbele ya Esther-Divine akiwa na matope hadi shingoni. Leo hakutaka.

Esther-Divine alikuwa sekretari wa shule moja ya sekondari Kabambare. Kompyuta ya ofisi yake ilikuwa na sisteme ya zamani mno, hata faili zilizotumwa na wakubwa wa elimu zilikataa kufunguka. Bila faili hizo, majina ya wanafunzi wa mtihani wa mwisho yasingepelekwa. Ndipo prefe, mkuu wa shule, alipomwita Ruphin, fundi wa Kasongo, aje kuweka sisteme mpya.

Aliiweka, na shida ikaanza hapo hapo. Programu ya kutolea ripoti za alama, iliyotengenezwa miaka mingi nyuma na padri aliyekwisha kurudi kwao, ilikataa katakata kufanya kazi na sisteme mpya. Ruphin alihangaika nayo siku nzima, mwishowe akaidanganya iamini kwamba bado inaishi na ile ya zamani. Ikafunguka. Esther-Divine alikuwa ameketi kando yake muda wote.

"Fundi, umebonyeza wapi hapo?"

Akamwonyesha.

"Na kama ungebonyeza pale?"

Akamweleza. Alipenda kumweleza.

Wiki mbili hazijaisha, Esther-Divine akapiga simu. "Fundi, emprimante iko inakataa kuchapa."

Akaenda. Programu inayoiunganisha mashine ya kuchapia na kompyuta ilikuwa imepotea. Akairudisha. Mwezi uliofuata akaitwa tena: safari hii programu ya padri, na yote aliyoyapanga yamevurugika.

Prefe alimngojea mlangoni.

"Kila mwezi fundi! Ni sisteme gani hii unatuletea? Ikikataa tena, nitamwita mutu wa Kindu aitengeneze."

Maneno hayo yalimchoma Ruphin. Kasongo nzima hakuna kompyuta aliyoirudia mara mbili. Alirudi nyumbani, akajaribu kila kitu upya kwenye kompyuta yake mwenyewe, asione kosa. Kisha Esther-Divine akapiga simu tena. "Kuya mbio, fundi," alisema, akimtaka aje haraka bila kutaja ugonjwa wa kompyuta.

Magloire, rafiki yake mwenye pikipiki, alicheka njia nzima.

"Kompyuta haigonjwi hivi, ndugu yangu. Ule mwanamuke iko anakutafuta weye."

"Acha mambo yako."

"Weye unabeba shati la nini?"

Walipokaribia Kabambare Ruphin aliomba wasimame kwenye kijito, akanawa, akavaa shati, akakariri sentensi moja mara tano mpaka Magloire akaziba masikio.

Ofisini alimkuta Esther-Divine peke yake. Kompyuta ilikuwa inawaka. Programu ya padri ilikuwa wazi, na mashine ya kuchapia ilikuwa inatoa ripoti, moja baada ya nyingine, safi kabisa.

"Karibu, fundi. Pole na njia."

"Asante. Leo iko inakataa nini?"

"Hakuna."

Ruphin alinyoosha kola ya shati jipya. Kumbe Magloire alisema kweli.

"Dada Esther," akaanza, "hata mimi, tangu ile siku ya kwanza..."

"Ngoja, fundi. Acha niungame kwanza." Aliinamisha macho. "Mara ya kwanza ilikataa yenyewe. Zile mbili ingine, ni mimi niliharibu."

"Nilijua," alisema Ruphin, ingawa hakujua. Alitabasamu. "Ulitaka nikuye."

"Ndiyo. Nilitaka kuona mikono yako."

Sentensi aliyoikariri ilimtoroka yote.

"Nilitaka kuona inapita wapi, nijifunze," Esther-Divine aliendelea. "Nimemwambia prefe asiite mutu wa Kindu. Kuanzia mwezi huu kompyuta za hapa nitatengeneza mimi, lakini anataka kwanza fundi mwenye jina anijaribu, aseme kama ninaweza."

Akainuka, akamwachia kiti chake mbele ya kompyuta.

"Kaa hapa, fundi. Leo haribu weye."