Nyuzi za Kitambaa Kipya

Pikipiki ya zahanati, ile ya magurudumu manne, ilizimika sokoni, na kule mlimani mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga Sikudhani alikumbatia mkoba wake, akimtazama fundi Nambua aking'oa pampu ya mafuta kwenye tangi.

Kichujio cha pampu kilitoka kimeziba kwa nyuzi nyekundu.

"Dada, petroli mnaichuja kwa kitu gani?"

"Kitambaa. Kina mama wa mlimani walininunulia kipya, ati nisiaibike na tambara."

Nambua alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Wamekupenda hadi wakakuzimia pikipiki! Kipya hutoa nyuzi, mkunga wangu. Chujia kilichofuliwa kikachoka."

Akakiosha kichujio, akakipuliza, akarudisha pampu mahali pake. Ufunguo ulipogeuzwa, injini iliitika.

"Nikushukuruje, fundi?"

"Wewe wahi." Nambua akafungua leso yake kichwani, iliyopauka kwa kufuliwa, akamtilia mkobani. "Chukua, ya kuchujia."

Sikudhani alipanda pikipiki, akashika njia ya mlimani. Kwenye kona ya mwisho aligeuka, akamwona fundi bado kasimama barabarani, kichwa wazi juani, akimpungia mkono mweusi kwa oili.