Mshale wa Petroli

Mshale wa petroli ulikuwa umelala chini kabisa, lakini Bethwel hakuujali. Miaka mitatu ulikuwa umekufa palepale, tangi lijae au likauke. Yeye alipima mafuta kwa kutikisa gari na kutega sikio, kama mtu anayechagua mayai sokoni.

Leo hakupata nafasi ya kutikisa. Mkewe alikuwa kiti cha nyuma, uchungu wa kuzaa umemshika, na hospitali iko mbali, Nakuru.

Katikati ya msitu, kabla ya Elburgon, gari likakohoa.

“Petroli imeisha!” mkewe akalia.

“Wachana na huo mshale, mama. Unadanganya kuliko mwomba kura.”

Mkewe aliuma leso kwanza, ndipo akapata sauti. “Jumamosi nilipeleka gari kwa fundi. Nilitaka ufurahi. Aliutengeneza.”

Gari likakohoa tena, likanyamaza.

Bethwel aliugonga mshale kwa kidole. Haukutingishika.

Akashika mlango atoke asimamishe lori lolote.

“Usiende!” mkewe akamvuta shati. “Kichwa kimefika.”

Bethwel akatafuta mtungi wa maji ya redieta, akaanza kunawa mikono.