Tope kwenye Kioo cha Gorham

Usigeuze uso. Ulishaugeuza zamani, picha za maiti wa vita zilipoletwa mjini: ukaziba pua kana kwamba karatasi inanuka, ukaenda zako kunywa kahawa. Mpiga picha akafilisika, akauza farasi, gari, hata vile vioo alivyopigia picha zenyewe, vikiwa bado na sura za maiti. Na leo ni wewe huyohuyo unayemwita Bibi Keziah mwehu.

Asubuhi hiyo tena bibi alikuwa juu ya ngazi, anapaka tope banda la vioo la Bwana Gorham, lile la kuoteshea nyanya. Kioo kilekile kimoja. Ansel, mtunza bustani, alimkuta analisambaza kwa kiganja, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Mji mzima uliijua sababu. Gorham, ambaye mguu ulimuuma mwaka wa vita ukapona siku ya amani, alimkodi Lemuel, mwana pekee wa Keziah, akapigane badala yake. Sheria ikaridhia. Lemuel, aliyekua na Ansel kama pacha, akafukiwa handakini na wenzake, hana kaburi wala jina. Gorham akabaki kushinda tuzo za nyanya. Kwa mama, tope ni kisasi cha bei nafuu.

Ila hakimu alishaapa: bibi akirudia, anapelekwa nyumba ya wendawazimu. Na askari alishaitwa.

"Shuka, mama," Ansel akasema. "Kwa nini usimpake Gorham mwenyewe?"

"Gorham? Huyo hata tope langu hastahili."

"Sasa unagombana na kioo?"

"Nagombana na jua, mwanangu."

Ansel akacheka. Akamweleza kwamba nyanya bila jua ni majani tu, na kwamba vioo hivi vya mtumba vilikuja vyote na ukungu, jua likavitakasa lenyewe. Kilibaki hicho kimoja. Akamshusha, akapanda yeye na tambara, afute ushahidi kabla askari hajafika.

Akafuta. Nyuma ya kioo, majani ya nyanya yalikuwa meusi kwa unyevu, na juu ya weusi ule, ndani ya kioo chenyewe, ikatokea picha ya kijana amelala chali, kofia kifuani, mdomo wazi. Jicho moja jua lilishalifuta. Lililobaki lilikuwa la Lemuel.

Viatu vya askari vikalia kwenye kokoto.

Ansel akatupa tambara, akanyoosha mkono chini. "Mama, nipe ndoo ya tope."

Na wewe uliyesimama hapo, acha kutazama viatu vyako. Chota.