Ukuta wa Michongoma

Firdausi alianguka tena asubuhi ile, karibu na mlingoti wa bendera, kinywa wazi kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Wenzake waliacha kufagia, wakamzunguka.

"Mpisheni apate hewa!" Mwalimu Stellamaris alipasua umati. Akampulizia mtoto dawa yake ya pumu, akampakia kwenye bodaboda pamoja na mwalimu mwenzake, Melkiori, wamuwahishe zahanati. Kisha akawageukia waliobaki. "Nyinyi mnatazama nini? Endeleeni na usafi! Nikirudi nisikute hata jani."

Moyo ulikuwa unamchemka. Aliutazama ukuta wa michongoma uliozunguka shule, mrefu kupita mtu mzima, umeshonana hata kuku hapenyi. Aliupanda yeye. Miche aliifuata Kisarawe, akaipigania na mbuzi wote wa Misugusugu, na wanafunzi wakaibebea maji kiangazi kizima, ili vumbi la malori ya mchanga lisiwafikie. Na bado walikohoa. Tena, tangu ukuta ufungane, walizidi kukohoa.

"Umetujengea boma, dada," Melkiori alimtania juzi. "Hata upepo siku hizi unaomba ruhusa kuingia."

Hakucheka. Alikuwa ametoka kubishana na Mwanamvua, mama yake Firdausi.

"Mwalimu, Jumamosi na Jumapili hakohoi," mama yule alisema. "Na chumba chetu kiko hapo hapo barabarani, malori yanapita dirishani."

"Mama Firdausi, kifua hakina kalenda."

"Haya. Akianguka tena, nampeleka kwa bibi yake Chole. Atasoma huko."

Kutoka kwa bibi huyo hadi shule ya huko ni mwendo wa kukatisha tamaa. Mtoto mwenye kifua kile asingemaliza hata muhula mmoja. Na Firdausi ndiye aliyewasomea wenzake kitabu siku sauti ya mwalimu ilipokauka.

Stellamaris hakuona alichobakiza. Maombi yake ya matuta barabarani yalilala ofisini kwa watu. Uwanja aliusafisha ukasafishika: nyasi zote ziling'olewa kwa majembe ya watoro na wachelewaji, ikabaki ardhi nyekundu, tupu, isiyo na pa kujificha nyoka. Mratibu wa elimu kata alipokuja aliupigia makofi. Kilichobaki ni malori tu.

Leo wangemsikia.

Alitoka getini akasimama katikati ya lami, mikono ameitanua. Lori la mchanga lilifunga breki, likasimama mbele ya pua yake. Dereva kijana akachungulia.

"Shikamoo, mwalimu. Umechoka kuishi?"

"Nyinyi ndio mnaoua! Watoto wangu wanaanguka kama nzi kwa vumbi lenu!"

Dereva alitazama nyuma. Turubai lilikuwa limekazwa kwa kamba, na maji yakichuruzika kutoka kwenye mzigo.

"Vumbi langu lipi, mama? Mchanga mbichi huu. Tangu Masaki ya Kisarawe nakuja vioo wazi, napunga upepo wangu."

Huku akisema, mkono wake ulikuwa ukizungusha kioo kukipandisha.

"Ukweli unakuuma, eh? Unajifungia usinisikie!"

"Hapana, mwalimu. Madereva wote tukifika hapa kwako huwa tunafunga." Akamwonyesha kwa kidevu, nyuma yake.

Stellamaris aligeuka. Juu ya michongoma lilikuwa limesimama wingu jekundu, zito, na chini yake fagio za chelewa zilisikika zikiikwangua ardhi tupu kwa pamoja, kama alivyoagiza.