Sikio la Candide

Yule mzee aliyeichezea Australia raga ujanani alikuwa ameshawatwanga ngumi wauguzi wawili. Hataki kupimwa korona, na nyumba nzima ya wazee, hapo Campbelltown, ilikuwa roho juu. Mikanda ya kumfungia mikono ilishaletwa.

"Ngojeni kwanza," akasema Candide, mhudumu wa zamu, akachukua kijiti cha kupimia kooni.

Alipoinama, mzee alimdaka sikio. Vidole vikalipapasa taratibu sikio lile nene, lililojikunja kama kabichi, lililokuwa likiikataa kamba ya barakoa kila siku.

"Hii ni kazi ya skramu, ya kusukumana vichwa na wapinzani. Ulichezea wapi?"

"Burundi. Timu ya taifa."

"Mstari wa mbele?"

"Mstari wa mbele, babu."

Mzee akajishika sikio lake, lililo vilevile, kisha akapanua kinywa.