Kichwa Kikubwa

"Dola zako za zamani hizi, kaka, zenye picha za vichwa vidogo. Hatuzipokei," alisema karani wa magari ya kukodi.

Kombo akatota jasho. Ugenini huko hakuwa na dhamana nyingine, na wakwe walitaka kumwona akishuka garini. Akamgeukia mama yake, Bi Somoe, aliyejifunga kanga mpya kwa harusi ya mwanawe.

"Basi shika kichwa kikubwa hiki," akamwambia karani. "Kesho nakikomboa."

Karani alicheka mpaka akapaliwa, akatoa funguo.

"Mwanangu, na harusi je?"

"Utaona picha, mama."

Kesho yake karani akampigia Kombo. Bi Somoe alisikia vigelegele simuni, kisha sauti ya mwanawe: "Bwana, gari nimelipenda. Tuachiane hivyo hivyo tu."

Karani akamkagua bibi toka utosini hadi nyayoni. "Hebu simama, mama, utembee kidogo."

Bi Somoe akajiinua, akapiga hatua, akijitahidi asichechemee.